Moyo Uliong'aa Kwenye Picha ya Mifupa

Shemasi Thaddeus Boykin alipoingia kwenye chumba cha kamera mchana ule wa Januari, alikuwa ameshakunywa maji chupa tatu na kwenda msalani mara nne, na utani wake ulikuwa tayari mdomoni. Alimwambia Marvella Stokes, fundi wa picha wa hospitali, kwamba posta ya Toledo ilimtembeza kwenye theluji miaka thelathini na mmoja bila kujali kibofu chake, na sasa hospitali inamsihi akojoe kana kwamba ndiyo ajira mpya. Marvella akacheka. Walifahamiana vizuri. Walisali kanisa moja la Kibaptisti, na kwa miaka tisa Marvella alikuwa akikaa safu mbili nyuma ya Shemasi na mkewe Earlene, akiijua mikunjo ya shingo ya yule mzee kuliko alivyoijua sura yake.

Kilichomleta ni saratani ya tezi dume. Alitibiwa miaka mitatu nyuma, ikatulia, na sasa kipimo cha damu kilikuwa kimeanza kupanda tena. Daktari wake alitaka kujua kama ugonjwa umeingia mifupani. Asubuhi ile Marvella alimchoma sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, dawa inayopenda mifupa: hukimbilia pale mfupa unapojijenga, hushika hapo, na inayobaki hutoka na mkojo. Kamera yenyewe haitoi chochote. Inakusanya tu mionzi inayotoka mwilini, nukta baada ya nukta, mpaka mifupa ya mtu ijichore kwenye skrini.

Alimlaza kwenye kitanda chembamba, akamfunga mikono ubavuni kwa mkanda mpana ili isidondoke, akateremsha kamera mpaka ikabaki upana wa kidole kutoka puani. Shemasi akauliza je, kidude hiki kikiamua kuendelea kushuka? Marvella akamwambia hakishuki zaidi ya hapo, atulie, ni dakika ishirini tu.

Fuvu likatokea. Mabega, mbavu, uti wa mgongo pingili kwa pingili, nyonga. Marvella alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita na macho yake yalikwenda yenyewe pale saratani ya tezi dume inapopenda kujificha. Hapakuwa na kitu. Mifupa ilikuwa safi kuliko alivyothubutu kutumaini. Akashusha pumzi, na hapo ndipo alipouona moyo.

Ulikuwa nyuma ya mbavu za kushoto, umeng'aa karibu sawa na mbavu zenyewe. Moyo ni nyama. Dawa ile haina shughuli na nyama. Marvella alikagua kwanza makosa yake mwenyewe, kama alivyofundishwa. Alitazama kiwiko kama dawa ilivuja wakati wa sindano, haikuvuja. Dawa iliyoharibika ingejionyesha tumboni na kooni. Huko hakukuonekana kitu. Wagonjwa wengine wawili walikuwa wamechomwa kutoka chupa ileile asubuhi, na mioyo yao haikuonekana kabisa. Akamwomba Shemasi avumilie kidogo, akampiga picha nyingine kwa ubavuni. Kilichong'aa hakikuwa damu iliyojaa ndani ya moyo. Zilikuwa kuta zake, zimejikunja kama kiatu cha farasi.

Miaka miwili nyuma daktari mmoja wa moyo alikuja kuwafundisha kuhusu jambo hilihili. Alisema kuna protini ya mwilini inayojikunja vibaya na kujirundika kwenye nyama ya moyo mpaka moyo unakakamaa kama ngozi iliyoanikwa. Mara nyingi hurithiwa, na kwa Wamarekani weusi imeenea kuliko watu wanavyodhani. Wengi huambiwa ni presha, na wanazikwa na jina hilo la presha. Na mara nyingi, alisema, miaka mingi kabla ya moyo, mikono ndiyo hutangulia kufa ganzi.

Marvella alipofungua mkanda, aliigeuza mikono ya Shemasi kwa upole kana kwamba anamsaidia kuinuka. Chini ya kila kiganja palikuwa na kovu fupi la kisu.

“Hii ulipasuliwa lini?”

“Wa kulia una miaka kumi sasa. Wa kushoto mwaka uliofuata. Ganzi. Nikasema ni barua hizo, miaka yote ya kupanga barua.” Akakaa kitandani akihema kama aliyepanda ngazi, ingawa alikuwa amelala tu. “Haya, Dada Marvella. Mifupa inasemaje?”

“Daktari ataisoma, Shemasi. Majibu yatakuja kwenye simu yako.”

Ndivyo alivyotakiwa kusema, na alikuwa na sababu yake ya kutosema zaidi. Miaka sita nyuma mwanamke mmoja, Bi. Halina Pawlak, alimshika mkono kwenye kitanda hichohicho akilia, akamwomba amwambie neno moja tu. Marvella akamwonea huruma, akamwambia hajaona kitu cha kumtisha. Daktari aliposoma picha alikuta doa kwenye uti wa mgongo, dogo, lililofunikwa na kivuli cha figo. Bi. Pawlak alikuwa ameshaahirisha miadi yake na kwenda Florida kwa dadake, simu za hospitali hakuzipokea, maana alijua yuko salama. Fundi wa picha alimwambia. Alirudi akiwa amebebwa, miguu haina kazi. Mwanawe alileta malalamiko, na barua ya onyo ikawekwa kwenye faili la Marvella: akirudia kumpa mgonjwa matokeo, atafukuzwa na leseni yake itapelekwa kwenye bodi. Lakini barua haikuwa na uzito wa ile miguu. Tangu siku hiyo Marvella aliishika sheria ile kwa mikono miwili, si kwa woga tu bali kwa kuiamini. Kazi yake ni kupiga. Kusoma ni kwa daktari.

Kwa hiyo alimpigia daktari. Daktari Haverkamp alikuwa akisoma picha za hospitali tatu kutoka nyumbani kwake, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye foleni. Marvella alimweleza, akamwomba atazame ile ya ubavuni.

“Ni damu tu imebaki kwenye moyo,” alisema Haverkamp. “Alikunywa maji?”

“Lita moja na nusu. Na zimeshapita saa tatu na nusu, Daktari. Damu ingekuwa imeshasafika. Zile ni kuta.”

“Marvella, waliuliza mifupa. Mifupa iko safi. Nikianza kuandika kila kivuli, huyu mzee atazungushwa kwenye vipimo mwaka mzima bure.” Kisha akasema bila ukali, “Au tubadilishane. Wewe usome, mimi nije nichome sindano.”

Majibu yalitoka saa kumi jioni. Hakuna dalili ya saratani kwenye mifupa. Tishu laini: hakuna la kuzingatia.

Marvella alikwenda kwa mkuu wa kitengo, Denise Kowalczyk. Denise hakuwa mtu mbaya. Alizitazama zile picha kwa muda mrefu, akakubali kwamba hata yeye haoni damu pale, kisha akatoa fomu. Kulikuwa na fomu ya fundi asiyekubaliana na usomaji, na kamati ya madaktari wanaozipitia fomu hizo, na kamati hiyo ilikutana kila baada ya miezi mitatu. Ilikuwa imekutana wiki iliyopita. Marvella akaijaza, kisha akauliza kama hakuna mtu wa kupigiwa. Denise akasema Marvella ameshampigia yuleyule anayepigiwa, naye ameshajibu. Akamtazama usoni, akaongeza kwamba anajua yeye na Shemasi wanasali pamoja, na kwamba anaomba, kama rafiki, asije akasahau kilichomo kwenye faili lake.

Jumapili, Shemasi Boykin alisimama kutoa ushuhuda. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili na kusema kwamba shetani alitaka mifupa yake, lakini picha zimetoka, na mfupa hata mmoja haujaguswa. Kanisa zima likainuka. Marvella alikuwa kwenye nafasi yake ya siku zote, ukutani, watu watano kati yake na njia ya kutokea. Alisimama kwa sababu wote walisimama. Alipiga makofi. Watu walipokuwa wakitoka, aliona kwamba kamba za viatu vya Shemasi hazikufungwa. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu haviwezi kufungwa.

Kwenye chakula, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, Earlene Boykin alimkumbatia mpaka sahani ya kuku aliyoishika ikainama. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na aliwaambia wote waliosimama karibu kwamba ni huyu hapa, Dada Marvella, aliyempiga picha mume wake.

“Nilimwambia Thaddeus asihangaike,” alisema. “Nikamwambia, Marvella yupo pale. Angeona kitu angetuambia. Si ndiyo?”

“Siruhusiwi kusema chochote, Mama Boykin. Hata kikiwepo.”

Earlene akacheka, akampiga bega. “Mnamsikia? Mtu wa kazi huyo.”

Jumapili iliyofuata ilikuwa hivyohivyo, na iliyofuata. Marvella alifikiria kubadili kiti, akaona itaulizwa kwa nini. Alifikiria kutokwenda kanisani, na Jumapili moja kweli hakwenda. Saa nane mchana Earlene akampigia kuuliza kama anaumwa, na kama anahitaji supu. Nyumbani aliishi peke yake tangu mumewe alipoondoka, na nyumba ile, aliyoizoea, ilianza kumbana. Kila alichokigeukia kilikuwa na mlango uliofungwa kwa haki. Akisema, na akawa amekosea, ni Bi. Pawlak wa pili. Akisema, na akawa sahihi, kazi imekwenda. Akinyamaza, anajua. Alijaribu kujishawishi kwamba Haverkamp amesoma miaka kumi na tatu na yeye miwili. Lakini usiku macho yake, yaliyoiona picha, hayakukubali.

Alijaribu njia za pembeni. Alimwambia Shemasi, kana kwamba ni mazungumzo tu, kwamba watu wa umri wake ni vizuri wapime moyo. Shemasi akamjibu kwamba daktari wake amempima, ni presha, ana vidonge. Alimwandikia daktari huyo wa familia kupitia ofisi. Akajibiwa kwamba taarifa rasmi imepokelewa na haina tatizo.

Jumapili ya kwanza ya Machi, mashemasi walipokuwa wakipitisha meza ya Bwana, Thaddeus Boykin aliinamisha trei ya vikombe taratibu, kama mtu anayeiweka chini, kisha akaanguka nayo. Alikaa hospitali siku mbili. Jumatano Earlene alimsimulia Marvella kwa simu kwamba wamesema ni presha ileile, moyo umechoka, wameongeza kidonge kipya cha kuupunguza mwendo. Ila tangu aanze kukimeza, alisema, hawezi hata kutoka kitandani mpaka dirishani. Anasema anajisikia kama mtu aliyekaliwa kifuani.

Marvella alikumbuka yule daktari wa moyo akisema kwamba moyo uliokakamaa hauwezi kuongeza nguvu ya pigo. Kinachouokoa ni mwendo tu. Ukiupunguza mwendo, umeufunga kamba.

Hakuwaza tena. Alipika makaroni ya jibini, kwa sababu hakuweza kwenda nyumba ya mgonjwa mikono mitupu, akaenda.

Walimkaribisha jikoni. Shemasi alikuwa kwenye kiti karibu na jiko, blanketi magotini, uso umekuwa wa kijivu. Marvella hakuvua koti.

“Nina neno la kuwaambia ambalo sikutakiwa kulisema,” alianza. “Mimi si daktari na ninaweza kuwa nimekosea. Shemasi, ile dawa niliyokuchoma ni ya mifupa. Kwako ilishika moyo pia. Haikupaswa. Nendeni mkachukue picha zenyewe, siyo karatasi ya majibu, ni haki yenu. Mpelekeeni daktari wa moyo, tena kesho. Mwambieni aangalie moyo kwenye picha ya mifupa. Na mwambieni kuhusu mikono uliyopasuliwa. Na hicho kidonge kipya, mpigieni simu yeyote aliyekitoa, leo, mumwambie kinavyokufanya.”

Earlene alikuwa amesimama na kijiko cha kupakulia. Shemasi hakuonyesha kushtuka. Aliuliza polepole, pumzi zikikatika.

“Uliona lini?”

“Siku ileile. Ulipokuwa bado umelala pale.”

“Januari.”

“Ndiyo.”

“Wiki saba.” Akazihesabu tena kimoyomoyo, Marvella aliona midomo ikisogea. “Nilisimama nikashuhudia. Wewe ulikuwa nyuma yangu.”

“Nilimwambia daktari. Nilijaza fomu.”

“Fomu.” Alilitamka neno lile kama mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza. “Mama yangu alikufa kwa moyo mkubwa. Kaka yangu Otis, kule Macon, moyo mkubwa, miaka sitini na minne. Ungeniuliza, ningekuambia. Hukuniuliza.” Kisha akamgeukia mkewe. “Mpe koti lake.”

Marvella hakuwa amelivua. Earlene alimsindikiza mpaka mlangoni, na sahani ya makaroni ikabaki juu ya jiko.

Kesho yake asubuhi Marvella aliingia ofisini kwa Denise kabla hajavua kofia, akajieleza mwenyewe. Denise aliziba uso kwa viganja, akasema angemwomba arudi nje na asiwe amesema, lakini ameshasikia. Wakamsimamisha kazi. Alikaa nyumbani wiki tano akisubiri kuitwa, akitazama theluji ya mwisho ikiyeyuka kwenye kibaraza, akijua kwamba upande wa pili wa mji kuna mtu ambaye ama amekwenda kwa daktari wa moyo ama hakwenda, na hakuna mtu atakayemwambia. Kanisani hakuweza kwenda. Safari hii Earlene hakupiga simu.

Barua ilipokuja ilikuwa ya ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ilisema kwamba picha za mgonjwa zimesomwa upya, kwamba moyo ulikuwa na hitilafu iliyopaswa kutajwa, na kwamba Daktari Haverkamp ameongeza mistari miwili kwenye taarifa yake. Aya ya pili ilisema kwamba mfanyakazi amevunja kanuni kwa kumpa mgonjwa matokeo, na kwamba badala ya kufukuzwa anapewa onyo la mwisho. Aya hizo hazikutajana. Jumatatu alirudi kazini. Mgonjwa wake wa kwanza, msichana aliyevunjika mguu kwa kukimbia, alimuuliza ameona nini, naye akasema daktari ataisoma. Maneno yalitoka kama kawaida, ila sasa kila mara yalipotoka alihisi mkanda mpana ukikazwa mikononi mwake mwenyewe.

Ilikuwa mwisho wa Mei kengele yake ya mlango ilipolia. Alikuwa Earlene, amevaa kofia ya kutokea, mkononi ana sahani ya makaroni iliyooshwa. Hakuingia. Alisema kwa haraka, kama aliyejifunza maneno njiani, kwamba walikwenda hospitali kubwa ya ng'ambo ya mpaka wa jimbo, Michigan. Kwamba ndiyo, ni ugonjwa wa moyo kukakamaa, wa kurithi. Kwamba wamempa dawa ya kuzuia usiendelee, lakini kilichokakamaa hakitalainika. Kile kidonge kilisimamishwa siku ileile aliyokuja jikoni kwao. Binti yao Janelle amepimwa damu. Ameurithi. Ana miaka thelathini na minane na haumwi chochote, na madaktari wamesema huo ndio wakati wa kujua.

“Shemasi anasemaje?” Marvella aliuliza.

“Muulize mwenyewe. Yuko kwenye gari, amekataa kushuka.”

Gari lilikuwa mbele ya nyumba, injini inaunguruma. Marvella akalifuata akiwa na ndala. Shemasi aliteremsha kioo nusu. Alikuwa amekonda, lakini ule ukijivu ulikuwa umeondoka, na viatu vyake, Marvella aliona, vilikuwa na kamba zilizofungwa.

“Earlene anakwambia nimekusamehe,” alisema. “Earlene husema mengi.”

“Hajaniambia hivyo.”

“Basi atakwambia. Si kweli. Kila nikipanda ngazi nazihesabu zile wiki saba. Daktari anasema pengine zisingebadili kitu. Pengine.” Akatazama mbele kupitia kioo cha gari. “Lakini kuna yule aliyeandika hakuna la kuzingatia, na yeye hajaja jikoni kwangu.”

Kisha akamgeukia Marvella. Alitoa karatasi mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne. Ilikuwa na majina sita na namba za simu, kwa mwandiko ulioyumba wa mtu ambaye vidole vyake havimsikii. Watoto wa Otis, alisema. Wote wako Georgia. Amejaribu kuwapigia. Amempata Lucius, mkubwa wao, ambaye alimwambia baba mdogo Thaddeus anazeeka, aache kusoma magonjwa kwenye simu. Naye Shemasi akakasirika na kukata. Hajui namna ya kuieleza habari hii. Akianza pumzi inaisha, na wao wanadhani analia.

“Wewe unajua kuieleza. Ulinieleza mimi kwa dakika moja, umevaa koti.”

“Shemasi, mimi siruhusiwi—”

“Hawa ni wagonjwa wako? Umewapiga picha?”

“Hapana.”

“Basi ni ndugu zangu tu. Na wewe ni mtu wa kanisa letu unayenisaidia kupiga simu.” Akafungua kufuli la mlango wa nyuma. “Panda. Umesimama barabarani na ndala kama mwendawazimu.”

Akapanda. Earlene akaingia mbele, akazima injini. Kisha Shemasi akampa simu yake juu ya bega, bila kugeuka. Jina la Lucius lilikuwa limeshabonyezwa. Iliita mara nne. Sauti ya mwanaume ikasema halo, ya mtu aliye kazini, nyuma yake kuna kelele za mashine.

“Jina langu Marvella Stokes,” alisema. “Nimekaa na baba yako mdogo hapa Toledo. Nataka kukuuliza kwanza, kaka yangu, mikono yako. Huwa inakufa ganzi?”

Upande wa pili kelele za mashine zilipungua, kama mtu aliyetembea kwenda kusimama mahali penye utulivu.